Maskini na Mwenye Mali Hawazeeki Sawasawa

Mkatekumeni ajifunzapo amri ya nne hudhani mara nyingi ya kuwa kumheshimu mzee ni kumwamkia kwa adabu, kumpisha njiani na kumwondokea kitini barazani. Hayo ni mema. Lakini heshima isiyouliza kama mzee amekula, kama bado aona, kama dawa yake ya mwezi huu ipo, ni heshima ya mdomo tu. Somo hili lahusu jambo moja: mbona wazee wawili waliozaliwa mwaka mmoja, katika kijiji kimoja, huyu angali akienda shambani kwa miguu yake, na mwenzake amelala juu ya mkeka mwaka wa tatu sasa?

Watu wakiulizwa hujibu upesi: "Ni uzee tu." Jibu hilo ni jepesi kinywani, lakini lina hatari, maana mtu akiisha kulisema hatafuti tena dawa wala sababu. Kweli, mwili huchakaa. Mifupa hupungua nguvu, meno hung'oka, masikio huwa mazito. Walakini uzee huja kwa wote, na maradhi yake hayaji kwa wote kwa kipimo kimoja. Huwaelemea zaidi wasio na fedha, wakaao mbali na hospitali, waliobeba mizigo tangu utoto, na wale wasio na mtu wa kuwasemea. Wataalamu wa afya wameyapima hayo katika nchi nyingi, maskini na tajiri, na wameyaona tena na tena.

Ugonjwa mmoja, wazee wawili

Mfano utasaidia kufahamu. Na wawekwe mbele ya macho wazee wawili wa upande wa Wamaza, mwanamume na mwanamke, wote wa miaka sabini na mitano. Mwanamume alikuwa mwalimu wa shule. Mwanawe mmoja anafanya kazi Bukavu na humpelekea fedha kwa simu. Mwanamke ni mjane, mkulima wa mihogo na mpunga. Watoto wake wawili wamekufa, wa tatu alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Namoya, na habari zake huja mara chache. Huo ni mfano tu, lakini hakuna kijiji kisichoweza kutaja walio kama hao.

Wote wawili waanza kuona ukungu. Ugonjwa wao waitwa mtoto wa jicho. Ndani ya jicho mna kitu kama kioo kidogo laini kipitishacho nuru. Kwa kupita miaka kioo hicho hugeuka kuwa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele. Ndio ugonjwa upofushao watu wengi kuliko mwingine wowote ulimwenguni. Tena ni upofu uondolekao: daktari wa macho hukitoa kioo kilichochafuka na kutia kingine kilichotengenezwa na watu. Kwa kawaida kazi hiyo haipiti saa moja, na jicho hutiwa ganzi, mgonjwa asilale usingizi.

Mwalimu apelekwa mjini na mwanawe. Hukaa huko siku chache, hurudi, husoma gazeti lake. Mjane hubaki. Kwanza hawezi kuchagua mawe katika mchele. Kisha aacha kwenda shambani, kwa kuwa haoni mashina njiani. Siku moja ajikwaa mlangoni mwake, avunjika nyonga, alala. Alalaye sana hupata vidonda mgongoni na maji mabaya kifuani. Akifa, watu husema amekufa kwa uzee. Wala hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Hawakumwona aliyemwua, kwa kuwa aliyemwua hakuwa na uso. Alikuwa nauli ya mjini na malipo ya daktari.

Upofu mwingine wafundisha neno lilo hilo kwa upande wa pili. Katika vijiji vingi vya Kongo, na vya Maniema pia, wako inzi wadogo weusi wa mitoni waambukizao usubi, yaani ugonjwa wa kuwashwa ngozi na kupofuka. Dawa yake, ivermekitini, hutolewa bure na kampuni iliyoitengeneza, kwa ahadi ya mwaka 1987. Wanakijiji waliochaguliwa na wenzao huigawa nyumba kwa nyumba, wakimpima kila mtu urefu wake kwa fimbo ili wajue idadi ya vidonge. Mjane yule yule aweza kuimeza dawa hiyo kila igawiwapo, sawa na mwalimu. Dawa iliyokwenda mpaka mlangoni pake ilimfikia. Daktari wa macho, akaaye mbali na mwenye kulipwa, hakumfikia. Macho ni yale yale, umri ni ule ule.

Kazi ya zamani hukaa mwilini

Tofauti ya wazee hao wawili haikuanza siku walipougua. Mwili wa mzee ni kama daftari ambamo kila mwaka umeandika hesabu yake.

Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa sheria ya kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyotakiwa na biashara, na Maniema ilikuwa mojawapo ya nchi za kwanza kulimishwa pamba kwa lazima. Kilimo hicho cha lazima kilidumu miaka mingi chini ya ukoloni. Mtu mwenye miaka themanini na mitano leo alikulia katika nyumba za wakulima hao. Siku zilizotumika katika pamba hazikutumika katika shamba la chakula, na mtoto aliyekula kidogo wakati wa kukua hailipi njaa ile baadaye kwa kushiba. Madaktari wa siku hizi wameona ya kuwa njaa ya utotoni, hata ile ipatikanayo tumboni mwa mama, yaweza kumfuata mtu na kumzidishia hatari ya shinikizo la damu na ya kisukari akiwa mzee.

Baada ya hapo yalikuja maasi ya 1964, halafu vita vya 1996 na vile vya 1998 hadi 2003. Waliokimbilia msituni waliacha mbuzi, mbegu, mabati na vyombo. Mwenye mshahara au ndugu wa mjini aliweza kuanza tena. Mkulima wa mikono mitupu alianza na jembe la kuazima, akiwa na miaka hamsini. Jambo hili husahauliwa upesi na vijana wawacheke wazee kwa kutokuweka akiba. Akiba yao ilikuwako. Ililiwa na vita.

Tena iko mizigo. Mwanamume aliyebeba magogo na magunia miaka arobaini mara nyingi huwa na ngiri, uvimbe wa kinenani utokao akikohoa na kurudi akilala. Ngiri hupasuliwa kwa urahisi ikiwa bado yarudi ndani. Ikinaswa, matumbo hukosa damu, na mtu aweza kufa kwa siku chache. Aliye na fedha hupasuliwa kwa siku aitakayo mwenyewe. Asiye nayo husubiri, naye hupelekwa usiku, kwa tipoyi, wakati maumivu yamekwisha kuchagua siku kwa niaba yake. Naye mwanamke aliyebeba kuni na maji tangu miaka saba, na mimba nane au tisa juu ya hayo, huufikia uzee akiwa na mgongo na magoti yaliyochakaa kabla ya yale ya mumewe.

Moshi na macho mekundu

Mahali pa hatari kubwa kwa mwanamke mzee maskini ni jikoni mwake. Jiko la mafiga matatu katika chumba kisicho na dirisha hujaza moshi mapafuni na machoni. Moshi huo huleta kikohozi kisichokwisha, pumzi fupi, na macho yenye kuwasha na kuwa mekundu. Mwenye nyumba kubwa hupika katika banda la nje. Mwenye chumba kimoja hupika pale alalapo.

Katika Usukuma, nchi ya Mwanza na Shinyanga kule Tanzania, jambo hilo lilizaa uovu wa kutisha. Hasa katika miaka ya 1990 na iliyofuata, wanawake wazee wengi waliuawa huko kwa kushitakiwa uchawi, na mojawapo ya "dalili" zilizotajwa na washitaki ilikuwa macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa kuwa walipika miaka mingi kwa kuni mbaya na kwa samadi kavu ya ng'ombe, penye miti michache. Hivi umaskini ulimpa bibi ugonjwa, na ugonjwa ukamtoa auawe. Msomaji aangalie pia ni nani walioshitakiwa zaidi: wajane, wakaao peke yao, wenye kipande cha shamba kitamaniwacho na ndugu. Mama mwenye watoto wa kiume watano wenye nguvu hakushitakiwa upesi hivyo, hata macho yake yakiwa mekundu kama makaa.

Katika wilaya ya Magu wazee walifundishwa kujenga majiko ya udongo yatumiayo kuni chache na kutoa moshi nje. Jiko la namna hiyo ni dawa ya macho na ya mapafu. Huko lilikuwa pia ngao ya uhai. Hakuna haja ya kwenda Usukuma ili kusikia bibi akinong'onezwa nyuma ya nyumba yake. Katika Kabambare na Kasongo pia, mtoto akifa ghafula, jina la kwanza kutamkwa laweza kuwa la mzee asiye na mtetezi. Mkatekumeni ajaye kisimani na kuyasikia maneno hayo aweza kuuliza swali moja tu la akili: bibi huyo apika wapi?

Bei ya dawa na urefu wa njia

Kasongo ina historia ijulikanayo na madaktari wa nchi nyingi, ingawa wenyeji wachache huisimulia. Kuanzia mwaka 1971 madaktari na wauguzi wa Kongo, iliyobadilishwa jina ikaitwa Zaire mwaka huo huo, walifanya kazi pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, wakajaribu njia mpya. Badala ya kuongeza vitanda hospitalini, waliweka vituo vya afya vijijini, kila kituo na watu wake, na hospitali ikabaki kwa yale yaliyokishinda kituo. Kazi hiyo, iliyoitwa Mradi wa Kasongo, ilianza miaka saba kabla ya mkutano mkuu wa Alma-Ata wa 1978, uliozitaka nchi zote zianze na huduma za afya zilizo karibu na watu. Utafiti uliotolewa mwaka 1988 juu ya Kasongo uliangalia jinsi vituo hivyo vilivyogeuza kulazwa kwa wagonjwa hospitalini. Ulionyesha ya kuwa kituo kilicho karibu hupunguza kulazwa kusiko kwa lazima, maana ugonjwa hukamatwa ungali mdogo.

Kwa kijana, kilometa kumi ni mwendo wa asubuhi. Kwa mzee mwenye magoti mabovu ni safari ya watu watano: yeye na wanne wa tipoyi. Basi umbali wa hospitali haupimwi kwa kilometa peke yake. Hupimwa pia kwa idadi ya wana na wajukuu walio nyumbani. Pikipiki hufupisha njia kwa mwenye fedha, wala si wakati wote, kwa kuwa katika masika madaraja ya miti huchukuliwa na maji.

Halafu huja malipo, na hapa namna ya kulipa yageuza mambo kuliko watu wadhanivyo. Shinikizo la damu ni ugonjwa usiopiga kelele. Mtu hajisikii mgonjwa, mpaka siku upande mmoja wa mwili unapopooza na ulimi kuwa mzito. Dawa zake humezwa kila siku, mwaka baada ya mwaka. Mzee akidaiwa fedha kila arudipo, atanunua vidonge vya juma moja, atakapojisikia vizuri ataacha, na wala si kwa ujinga. Amechagua kati ya kidonge na chumvi ya wajukuu. Ndiyo sababu vituo vingi vya Kongo vimejaribu bei moja kwa ugonjwa mzima: mgonjwa hulipa mara moja, kisha hurudi bila kuhesabu franka kila siku mpaka apone. Njia hiyo yafaa sana kwa homa na kidonda. Kwa ugonjwa usiokuwa na mwisho yafaa nusu tu, kwa kuwa ugonjwa wa mwaka mzima hauna siku ya kupona.

Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa Kongo, walifikiri zaidi. Mwaka 1986 walianzisha sanduku la hospitali: kila mtu wa nyumba alilipiwa mara moja kwa mwaka, katika majira ambayo mazao huuzwa na fedha imo mikononi, na akilazwa sanduku hulipa sehemu kubwa, yeye hulipa sehemu ya tano tu. Mwaka wa kwanza ilijiandikisha zaidi ya robo ya watu wa eneo lile, na waliojiandikisha waliitumia hospitali mara mbili hivi kuliko wasiojiandikisha. Werevu wa jambo hili umo katika majira. Mkulima si maskini kwa kiasi kimoja mwaka mzima; ana mwezi wa fedha na miezi ya kukopa, na ugonjwa hauji katika mwezi wa fedha kwa adabu. Hata hivyo Bwamanda yenyewe haimtatulii shida bibi asiye na gunia la kuuza. Huyo lazima mtu mwingine amlipie, la sivyo sanduku la wote litakuwa sanduku la wenye mazao.

Je, ni fedha ya daktari tu?

Mtu aweza kusema: basi dawa ikiwa bure kwa wote, wazee wote watakuwa na afya moja. La, sivyo. Uingereza matibabu hutolewa na serikali tangu mwaka 1948, na mgonjwa halipi akimwona daktari. Mwaka 1967 watafiti huko walianza kuwapima wafanyakazi wanaume wa serikali katika London, watu 18,000 hivi, wote wenye mshahara, wote wakaao ofisini, hakuna aliyelala njaa. Kwa miaka saba na nusu walihesabu waliokufa. Watumishi wa chini kabisa, yaani matarishi na walinda milango, walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wa juu kabisa. Tena haikuwa mstari mmoja kati ya maskini na tajiri, bali ngazi: wa pili walikufa zaidi ya wa kwanza, wa tatu zaidi ya wa pili. Tumbako ilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Walipofuatwa miaka ishirini na mitano, tofauti ilionekana hata baada ya kustaafu. Ofisi iliachwa, lakini ngazi haikuachwa.

Wamaza si London, na mwanakijiji hana haja ya kujifunza vyeo vya Waingereza. Lakini neno moja lavuka bahari: mtu asiye na nguvu juu ya maisha yake mwenyewe, aamriwaye siku zote, asiyesikilizwa, huugua zaidi, hata akishiba. Kijijini ngazi hiyo ipo. Yuko mzee ambaye baraza halianzi bila yeye, na yuko mzee ambaye akisema watu huendelea kuzungumza. Yuko bibi aletewaye maji na wajukuu watatu, na yuko bibi awezaye kubeba bidoni ndogo tu, kwa hiyo anakunywa kidogo ili maji yabaki ya kupikia. Anywaye kidogo katika joto hupata kizunguzungu, huanguka, huumwa mkojo. Muuguzi ataandika jina la ugonjwa huo katika kadi, wala hataandika kwamba sababu yake ilikuwa bidoni.

Fedha kidogo ya kila mwezi

Kongo ina sanduku la taifa la akiba ya wafanyakazi. Lilianzishwa mwaka 1961, na tangu mwaka 2018 laitwa CNSS. Limejengwa juu ya mshahara: aliyekatwa mshahara wake hulipwa uzeeni. Mkulima wa Kabambare hakukatwa mshahara kwa kuwa hakuwa nao, ijapokuwa alilisha wenye mishahara. Basi pensheni yake ni watoto wake. Mpango huo ulikuwa mzuri zamani, watoto walipokaa karibu. Siku hizi vijana huenda kwenye mashimo ya dhahabu na mijini, na wengi hurudi mikono mitupu. Si haki kuwalaumu wote kama watoto wasio na shukrani. Kijana asiyejilisha hawezi kumlisha mamaye. Tena mara nyingi humletea mzee mzigo badala ya msaada, yaani wajukuu.

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka sabini hulipwa na serikali pensheni ya kila mwezi, awe alikuwa waziri au mvuvi. Ilianza kwa shilingi 20,000. Ni fedha kidogo, lakini faida yake ni kuwa haimwulizi mtu alifanya kazi gani.

Na huko Nshamba, wilaya ya Muleba katika Kagera, ambako UKIMWI uliwaacha mabibi wengi na yatima wa watoto wao, shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee maskini fedha kidogo kila mwezi. Wenye hekima ya meza walidhani ya kuwa fedha hizo zitapotea bure. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 uliwalinganisha waliopewa na wasiopewa. Waliopewa walikula vizuri zaidi, walinunua chumvi na sabuni, wajukuu walipata vifaa vya shule, na wasiwasi wa wazee wenyewe ulipungua. Sabuni si jambo dogo. Mzee asiye na sabuni huona haya kwenda sokoni, kanisani na kwa muuguzi, na aonaye haya hukaa peke yake. Hivi kipande cha sabuni humrudisha mtu kati ya watu.

Orodha ya wajane

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, chasimulia ugomvi juu ya jambo hili hili. Katika Yerusalemu chakula kiligawiwa kila siku, na wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa, wale waliosema lugha ya nchi wakapata. Hawakuwa maskini kuliko wengine. Walikuwa wageni wasio na wa kuwasemea. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Walitaka watu saba wachaguliwe, watu wa kujulikana, kazi ikawa mikononi mwao. Naye Mtume Paulo, alipomwandikia Timoteo, alitaka wajane waandikwe katika orodha, wasiopungua miaka sitini, akaagiza kwamba wenye watoto na wajukuu watunzwe na jamaa zao kwanza, ili mali ya wote iwatoshe wasio na mtu. Si ajabu kwamba Umoja wa Mataifa nao huhesabu wazee kuanzia miaka hiyo hiyo sitini.

Orodha ni chombo kidogo, lakini bila orodha msaada huenda kwa anayejua kuomba. Katika kila kijiji wazee wajulikanao ni wale waonekanao: wajao barazani, waketio mbele kanisani. Asiyeonekana ndiye mgonjwa. Basi wakatekumeni wa mtaa mmoja, wavulana na wasichana, waweza kuifanya kazi hii kwa daftari moja na kalamu moja kabla ya jua kuchwa: wapite kila nyumba, hata ile ya mwisho karibu na msitu, hata ya Mwislamu na ya asiyesali, waandike jina la kila mzee na mambo machache. Nani humchotea maji? Apika ndani au nje? Aona vidole kwa umbali wa hatua sita? Ana uvimbe kinenani? Ameza dawa ya kila siku, na itakwisha tarehe gani? Akiugua usiku, ni nani wanne watakaombeba?

Daftari hilo liwekwe kwa katekista, nakala yake kwa muuguzi wa kituo, apate kujua ni nani asiyefika kwake. Wenye ukungu wa macho watiwe alama, ili siku daktari wa macho atakapopita Kasongo, wasafiri pamoja kwa nauli moja. Lisomwe upya baada ya mavuno ya mpunga, wakati kila nyumba ina cha kutoa, na mbele ya jina la kila mzee asiye na gunia liandikwe jina la nyumba itakayomlipia.